Nakala ya Talaka Yetu

6 Januari

Baba Kadogo,

Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeizuia kwenye simu yako, na kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Naituma ofisini kwenu maana sijui unapoishi siku hizi, wala sina haja ya kujua.

Ninaolewa. Tarehe 28 Machi. Sikuombi ruhusa wala baraka. Mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, mtu mzima, alifiwa na mkewe, na Kadogo anamfahamu. Msajili wa ndoa amepokea fomu zetu na amepokea kiapo changu kwamba niliachika kisheria, ila amesema hatatufungisha ndoa mpaka nimletee nakala ya hati ya talaka iliyothibitishwa na mahakama. Maana yake yenye muhuri na saini yao, si picha ya simu.

Mimi hati hiyo sijawahi kuishika. Kesi uliifungua wewe, miaka tisa iliyopita, na karatasi zote ulikuwa ukizibeba wewe kwenye bahasha ya kaki, umeikumbatia kama mtu aliyebeba yai. Nipe nakala yako nikaitolee nyingine mahakamani, nitakurudishia siku hiyo hiyo.

Usimpe Kadogo aniletee. Ana miaka kumi na minne sasa, si posta yetu tena.

Mama Kadogo


15 Januari

Mama Kadogo,

Barua yako imefika, na imesomwa na watu watatu kabla yangu, kwa sababu hukuandika "ya siri" juu ya bahasha. Sasa karakana nzima inajua mke wangu wa zamani anaolewa. Fundi mwenzangu ameniuliza kama nitachangia. Asante sana.

Karatasi hiyo sinayo. Nimehama mara tatu tangu uondoke, na mara ya pili maji yaliingia chumbani yakachukua kila kitu. Mimi ni fundi lifti. Naamka, napanda juu ya lifti za watu, nashuka nanuka grisi, nalala. Sina muda wa kukaa napanga mafaili ya mambo yaliyopita.

Na huyo Mwalimu wako, kama anakutaka kweli, atakutaka bila muhuri. Watu wangapi wanaishi pamoja na hakuna msajili anayewagongea mlango? Haraka ya makaratasi inatoka wapi?

Ukiona ni lazima, nenda mahakamani. Wao hawajahama.

Baba Kadogo


19 Januari

Kwa Karani wa Masjala ya Mahakama,

Naomba nakala ya talaka yangu. Niliachwa hapo kwenu miaka tisa iliyopita. Mwenye nakala ni aliyekuwa mume wangu, na amekataa kunipa kwa kiburi tu, ndivyo alivyo siku zote.

Nilikuja mwenyewe tarehe 17. Dirisha la kwanza waliniambia niende la tatu. La tatu wakasema karani wa kumbukumbu yuko kwenye kikao. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba, mgongo ukafa ganzi, halafu askari wa mlangoni ananiambia hakuna kikao chochote leo. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Kwetu mgonjwa akisubiri majibu ya damu kwa saa nne, kuna mtu anaitwa kujieleza. Ninyi anawauliza nani?

Nahitaji nakala hiyo wiki hii.

Mwombaji


27 Januari

Kwa Mwombaji,

Kuhusu ombi lako la nakala ya hati ya talaka

Barua yako ya tarehe 19 imepokelewa. Malalamiko nimeyaona. Namba ya shauri sikuiona.

Majalada ya talaka hayatafutwi kwa kisa, yanatafutwa kwa namba. Kama namba huna, tunafungua daftari la mashauri la mwaka husika, na daftari hilo limepangwa kwa jina la mdai, yaani aliyefungua kesi, si kwa jina la aliyefunguliwa. Kwa hiyo tuandikie majina kamili ya wote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe na mahali mlipofungia ndoa, mwaka kesi ilipofunguliwa na mwezi ukiweza, nani aliifungua, na wewe ni nani katika shauri hilo. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako. Fomu nimeiweka humu.

Kitambulisho tunakitaka kwa sababu majalada haya yana habari za watoto na za chumbani kwa watu. Mhusika ana haki ya kulisoma jalada lake na kupewa nakala. Jirani, mchumba na mama mkwe hawana.

Majalada yaliyozidi miaka saba yameshushwa ghala la chini, na ufunguo anao mtu mmoja. Wiki hii haiwezekani.

Tarehe 17 nilikuwa mazishini. Aliyekuambia ni kikao alikosea.

Karani wa Masjala


30 Januari

Baba Kadogo,

Mahakama wanataka vitu viwili, na hivyo haviloi maji, viko kichwani mwako: namba ya shauri, na mwezi ulipoifungua kesi. Andika kwenye kipande cha karatasi, tia kwenye bahasha, basi. Hata salamu usiandike.

Mimi nilifika mahakamani mara mbili tu. Ya tatu, siku ya hukumu, sikwenda, kwa sababu ulimtuma Kadogo aniambie si lazima nije. Mtoto wa miaka mitano, amesimama mlangoni mwa jikoni, anasema, "Baba anasema mdaiwa si lazima." Hakujua hata mdaiwa ni nani.

Nimekutana na dada yako sokoni. Wifi yangu yule, mdomo wake unaujua. Ameniambia unajisifu kwa watu kwamba karatasi zote za kesi unazo, umezifungia kwenye sanduku la chuma. Sasa niambie, maji yaliingia kwenye chuma?

Nimekula kiapo mbele ya msajili. Nimetia saini kwamba niliachika. Nataka tu karatasi inayosema kile nilichoapa. Wewe unanizungusha makusudi, na unafurahia.

Mama Kadogo


8 Februari

Mama Kadogo,

Dada yangu anaongea sana. Sanduku la chuma lipo, lina vyeti vyangu vya ufundi.

Namba siikumbuki. Mwezi siukumbuki. Sasa sikiliza, sitasema tena: achana na hili jambo. Ahirisha. Mwambie huyo mtu asubiri mwaka mmoja, nami nitaangalia cha kufanya. Ukiendelea kuchokonoa ghala la mahakama utatoa kitu ambacho hutakipenda, na usije kusema sikukuonya.

Na kiapo nani alikutuma ule? Mtu anakulaje kiapo juu ya karatasi ambayo hajawahi kuiona? Wewe unayejifanya huamini kitu mpaka ukipime kwa hadubini.

Halafu mimi nina maswali yangu. Kadogo atalala chumba gani huko kwa Mwalimu? Nani atamsaidia masomo ya jioni? Mambo hayo huandiki. Unaandika muhuri, muhuri.

Baba Kadogo


10 Februari

Kwa Karani wa Masjala,

Poleni na msiba.

Nimejaza fomu. Majina yetu kamili yamo, na tarehe ya ndoa, na ofisi tuliyofungia. Mdai ni yeye, mimi ni mdaiwa. Mwezi nimeutafuta kwa njia yangu: siku nilipoletewa wito wa kwanza ndiyo wiki mtoto wetu alipoanza chekechea, na kadi yake ya kuandikishwa ninayo. Ni Septemba, au Agosti mwishoni. Nimeambatisha kitambulisho changu na nakala ya cheti cha ndoa, pande zote mbili.

Naomba mtafute kwa jina lake. Ameniandikia barua yenye vitisho, kwamba nikitafuta nitatoa kitu nisichokipenda. Sina ninachokificha kwenye jalada hilo. Kama aliandika mabaya juu yangu, acha niyasome.

Kuhusu lugha ya barua yangu ya kwanza, naomba radhi kwa nusu yake. Benchi lenu halina egemeo.

Mwombaji


21 Februari

Kwa Mwombaji,

Kuhusu matokeo ya utafutaji

Shauri limepatikana. Lilifunguliwa tarehe 29 Agosti ya mwaka uliotaja. Jalada limepandishwa kutoka ghalani likiwa zima, kurasa kumi na tisa.

Hati ya talaka haimo. Haikupotea. Haikuwahi kutolewa.

Nanakili mwenendo wa kikao cha tatu kama ulivyo: "Mdai amefika mwenyewe. Mdaiwa hakufika. Mdai anaomba kuliondoa shauri. Sababu hakutaja. Mahakama imemwuliza kama anaelewa, amesema anaelewa. Shauri limeondolewa." Chini yake kuna saini ya hakimu na saini ya mdai.

Nimeangalia pia madaftari ya miaka tisa yote iliyofuata, ikiwa shauri lilifunguliwa upya hapa kwetu. Halimo.

Ninachoweza kukupa ni nakala iliyothibitishwa ya amri hiyo ya kuondoa shauri, ambayo nimeiambatisha. Nakala ya talaka siwezi kukupa, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu zetu ndoa yako bado ipo.

Umeandika kwenye fomu kwamba umekula kiapo kwa msajili wa ndoa. Nenda kakirekebishe wewe mwenyewe kabla hajagundua yeye. Hilo si sehemu ya kazi yangu kukuambia.

Karani wa Masjala


22 Februari

Baba Kadogo,

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara, na glavu mkononi. Nimeisoma mara nne. Mwenzangu alidhani nimepewa majibu yangu ya ugonjwa.

Uliiondoa. Uliondoa kesi, ukatia saini, ukarudi nyumbani ukaniangalia nikitoka na mtoto, na miaka tisa hukufungua mdomo. Nimejaza fomu za kazi, nimeandika "ameachika". Fomu za shule, "ameachika". Nimekula kiapo mbele ya mtu mwenye ofisi. Nimemwambia mwanamume mwema kwamba mimi ni mtu huru. Wewe ulikuwa unajua kila siku kwamba si kweli, na nilipokuomba karatasi ukaniambia maji.

Wewe ni mwongo. Umeniibia miaka tisa. Hata mnyama akinaswa mguu anapiga kelele mwenzake ajue pana mtego.

Andika kwa nini. Usinitumie Kadogo, usinitumie dada yako. Andika wewe.

Mama Kadogo


3 Machi

Mama Kadogo,

Umeniita mwongo, mwizi, na chini ya mnyama, kwa mpangilio huo. Mwongo nakubali.

Naandika mara moja. Siku ile nilivaa shati ulilonipigia pasi wewe. Tulikuwa na miezi minne hatusemeshani, lakini shati ulilipiga pasi ukalitundika kwenye kitasa, sijui kwa nini. Nilisimama mbele ya hakimu. Akaniuliza, "Mdai, una la kuongeza kabla sijasoma?" Nikasema naomba kuliondoa. Akavua miwani. "Unaelewa maana yake?" Naelewa. "Sababu?" Nikasema sina. Nilikuwa nayo, ila haikuwa ya kusema mbele ya askari na watu waliokuja kwa kesi zao.

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima napanga maneno, mimi ambaye si mtu wa maneno. Nilipofungua mlango virago vyako vilikuwa pale, vitatu, vimefungwa kamba, na Kadogo amevishwa viatu. Nikasema, "Kesi imekwisha." Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza. Nyingine zilikuwa zinafuata. Wewe ukasema, "Afadhali." Hukunitazama usoni. Ukamshika mtoto mkono ukapita ubavuni mwangu kama unapita kwenye mlango wa duka.

Ulitaka nikukimbilie barabarani?

Baadaye watu wakauliza, nikasema tumeachana. Wakauliza kama ninayo karatasi, nikasema ninayo. Ukishasema mara moja inabidi useme tena. Yule mama niliyeishi naye miaka mitatu aliondoka kwa sababu sikumpeleka kwa msajili. Singeweza kumpeleka, na sikumwambia kwa nini.

Sasa umejua. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Baba Kadogo


6 Machi

Baba Kadogo,

Umeandika vizuri. Ungekuwa unaongea hivyo, mimi na wewe tusingeijua njia ya mahakamani.

Virago vilikuwa mlangoni kwa sababu wito ulisema ni siku ya hukumu. Ulitaka nivifunge lini, baada ya kufukuzwa? Nilisema "afadhali" kwa sababu nilikuwa nimelia tangu alfajiri na neno hilo ndilo fupi kuliko yote niliyokuwa nayo. Usinifanyie neno moja kuwa mzigo wa miaka tisa. Sentensi zako nyingine zilikuwa na muda wa kutosha kufuata. Ulijua nilipohamia. Ulikuja kumchukua Kadogo kila Jumamosi, ukasimama getini, ukapiga honi.

Kwetu maabara, chupa ya damu isiyo na jina tunaimwaga, hata kama tunadhani tunajua ni ya nani. Wewe uliwaacha watu watatu, mimi, Kadogo na yule mama, bila jina na ukaenda kazini.

Mwalimu nimemwambia. Alisoma nakala ya mahakama mara mbili, taratibu, kama anasahihisha mtihani, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nimemchumbia mke wa mtu?" Amechukua kofia yake akaondoka. Siku ya nne hii, hajarudi. Msajili nimekwenda mwenyewe nikafuta kiapo kwa kiapo kingine. Tarehe 28 imefutwa.

Nimefungua shauri langu. Safari hii mdai ni mimi. Tumepangiwa tarehe 14 Aprili, saa tatu. Wito utaletewa kazini kwako. Uje, useme huna pingamizi, tumalize.

Mama Kadogo


15 Machi

Mama Kadogo,

Wito wako umeletwa na kijana wa mahakama nikiwa nimening'inia kwenye shimo la lifti, ghorofa ya sita. Akaninadi kwa jina kamili mpaka wapangaji wakatoka milangoni. Hongera, umenirudishia ya karakana.

Siji.

Nilikueleza kitu ambacho sijamweleza mtu yeyote hapa duniani, nawe umenijibu habari za chupa za damu. Basi tuongee kisheria, maana ndiko unakotaka. Kisheria wewe ni mke wangu. Karani wako amekuandikia hivyo na muhuri juu yake. Mke wangu amechumbiwa na mwalimu wa hesabu, na mimi nije niseme sina pingamizi? Ninalo. Nitaweka wakili, nitaomba kuahirisha, na nitaomba tena. Najua namna kesi inavyoweza kukaa.

Mwalimu kama ameondoka kwa siku nne, hesabu ameshapiga.

Baba Kadogo


18 Machi

Baba Kadogo,

Weka wakili. Mwambie alisome jalada kwanza, ili usimpotezee muda. Karani amenisaidia kuorodhesha vielelezo. Kielelezo cha kwanza ni amri ya kuondoa shauri, yenye saini yako. Cha pili ni barua yako ya tarehe 3 Machi.

Ndiyo, ile. Yote, na shati na kitasa. Nilihitaji ushahidi kwamba tumekaa mbali miaka tisa na kwamba ulijua ndoa ipo ukanyamaza, na hakuna aliyelieleza vizuri kuliko wewe. Uliomba nisimwonyeshe mtu. Mimi nami niliomba karatasi.

Ukija ukasema huna pingamizi, hakimu hatakuwa na sababu ya kuisoma kwa sauti. Ukipinga, itasomwa mstari kwa mstari, na wakili wangu, maana nami nimeweka, atakuuliza kila sentensi ilimaanisha nini, mbele ya askari na watu waliokuja kwa kesi zao.

Mwalimu amerudi. Amekuja na swali moja, kama nilikuwa najua. Nikamwambia sikujua. Akasema basi, akaketi.

Mama Kadogo


25 Machi

Mama Kadogo,

Sikujua unaweza kuwa hivi.

Nitakuja.

Baba Kadogo


27 Aprili

Kwa Mdai,

Kuhusu shauri lako lililosikilizwa tarehe 14 Aprili

Hukumu imeandikwa na kutiwa saini. Hati ya talaka iko tayari. Nakala mbili zilizothibitishwa ziko dirisha la tatu kwa jina lako. Njoo na kitambulisho na uangalie herufi za majina kabla hujatia saini kuzipokea, kwa sababu kurekebisha herufi moja huchukua muda mrefu kuliko kutoa talaka yenyewe. Andika namba ya shauri mahali utakapoiona. Ukiipoteza hati, namba hiyo ndiyo itakayokurudishia.

Kielelezo cha pili hakikusomwa, kwa kuwa mdaiwa hakupinga. Hata hivyo kimo jaladani na kitabaki humo. Mdaiwa alikuja dirishani kuuliza kama anaweza kukichukua. Nilimweleza kwamba kikishaingia jaladani ni mali ya mahakama, ila akiwa mhusika anaweza kuomba nakala. Aliniuliza nakala ya barua aliyoiandika mwenyewe ataifanyia nini. Hilo nalo si kazi yangu, nikamwambia.

Benchi limewekwa egemeo.

Karani wa Masjala


2 Mei

Mama Kadogo,

Nilifika tarehe 14 saa moja kabla, kama uliniona. Nilisema ulichotaka niseme. Hakimu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikasema ndiyo mara mbili. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo, na mimi nimewahi kushuka kwa kamba kumtoa mtu kwenye lifti iliyokwama.

Kwenye korido nilikuuliza kitu. Uliniangalia, ukafunga mkoba, ukaenda zako. Naandika ili usiseme sikuuliza vizuri. Siku ile, kama ningeendelea kusema, ungebaki?

Sina nia ya kukuharibia. Karatasi umepata. Nataka kujua tu.

Baba Kadogo


9 Mei

Baba Kadogo,

Nakala nimezichukua. Herufi ziko sawa. Msajili amezipokea baada ya kunisomea somo refu kuhusu viapo, nikalisikiliza lote bila kujibu. Ndoa yetu ni tarehe 20 Juni, watu wanane. Wewe si mmoja wao.

Swali lako. Pale korido sikujibu kwa sababu Mwalimu alikuwa ananisubiri nje, na kwa sababu nilitaka nawe uonje kusubiri. Nilikuwa na hasira na bado ninazo, kwa hiyo usiisome barua hii kama msamaha.

Ndiyo. Ningebaki. Ungesema neno la pili tu, lolote, ningefungua kamba, ningemvua mtoto viatu, ningewasha jiko. Na ningekuwa humo ndani mpaka leo, na mwanamume anayeondoa kesi bila kutaja sababu, halafu anangoja mkewe aikisie. Nimelifikiria hilo tangu Machi. Nimelilia pia, sikufichi. Nilipomaliza kulia nikaona nafuu kwamba ulinyamaza. Ndilo jambo pekee la siku ile ninalokushukuru, na sikushukuru kwa wema.

Usiniandikie tena habari zetu. Za Kadogo niandikie wakati wowote.

Anataka kuja kwako Ijumaa hii, alale mpaka Jumapili. Nimemweleza yote mwenyewe, kabla shangazi yake hajamweleza kwa namna yake. Hakulia. Alichukua daftari akaingia chumbani, na sasa ana maswali yameandikwa kurasa mbili, na amenikataza nisiyaone. Amesema ni yako peke yako.

Shule inatoka saa tisa. Usipige honi. Shuka garini, umfuate mpaka mlangoni, na akikuuliza, mjibu.

Mama Kadogo